Dakika Kumi kwa Kila Picha

Mama watoto,

Chakula kimo kwenye friji, kipashe tu. Fundi bomba anakuja saa nane, mwonyeshe sinki linalovuja.

Asubuhi uliniuliza kwa nini nisipige nyota picha za dakika mbili mbili nirudi mapema, nami nikanuna. Swali lako halikuwa na kosa. Kule ni giza totoro, na kichujio changu kinapitisha rangi moja tu ya mwanga. Kwa dakika mbili picha hujaa chengachenga za kamera. Zikifika kumi, wingu la gesi hujitokeza.

Zamani dakika hizo tulizimaliza garini kwa umbea. Siku hizi nazihesabu peke yangu, na ni ndefu mno.

~~Usinisubiri.~~ Jumamosi ijayo twende wote, hata ukisinzia.

Baba watoto