Maji Safi ya Jumatano

Bububu, Unguja

Dada yangu mpenzi Rasha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Maskati. Sisi tunamshukuru Mungu kwa kila hali, ingawa hali yenyewe ndiyo nnayotaka kukueleza. Nampa Tahiya, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi. Siku hizi siiamini simu.

Kisima chetu kimeharibika, Dada. Maji yalianza kunuka, kisha yakawa yanafanya povu ndooni. Mama, unavyomjua hawezi kukaa bila ya kufua, mikono imembabuka mpaka viganjani, na hospitali wamemkataza kuyagusa. Nyuma yetu siku hizi kuna kiwanda cha kutia rangi vitambaa, na mtaro wake unapita karibu na kisima.

Baba ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, mimi katibu wake. Tulipeleka malalamiko ofisi inayosimamia mambo hayo, akaja afisa mmoja kijana wa Makunduchi, anaitwa Mudrik, na chupa zake za kuchukulia maji. Siku hiyo mtaro ulikuwa mweupe, unaona mchanga chini. Majibu yakatoka kuwa hakuna tatizo. Alipoondoka tu, maji meusi yakarudi. Alikuja mara ya pili, ikawa vile vile. Hapo nikajua kuna mtu anawatonya wenye kiwanda.

Nilimshuku Bi Mwanakheir, jirani yetu wa ukuta mmoja, kwa kuwa mwanawe Yussuf anafanya kazi pale. Sikunyamaza nalo. Nikawaambia wanawake wenzangu, wakaacha kumwamkia, na kwenye shughuli wakawa wanamkalia mbali. Alinijia mlangoni akaniuliza, "Kawthar, kwani mimi nnachota kisima gani?" Nikamwona mjanja tu.

Kisha nikamshuku Mudrik. Nilimfuata ofisini kwake mjini, nikamtuhumu mbele ya wenzake kuwa anauza siku za ukaguzi. Hakunipandishia sauti. Alinieleza kwamba mkubwa wake ameamuru kila wakitaka kuja wampigie kwanza mwenyekiti wa kamati, na yeye ndivyo anavyofanya. Akasema safari hii hampigii mtu, atakuja Alkhamisi, na siku hiyo tunaijua mimi na yeye tu. "Ikivuja," akaniambia, "tutajua imevuja kwa nani."

Nilitoka pale nimekasirika kwa ajili ya Baba. Nikataka kumsafisha. Nilipofika nyumbani nikamwambia, yeye peke yake, kuwa wakaguzi wanakuja Jumatano.

Dada, Jumatano kulipokucha mtaro ulikuwa unapita maji safi. Langoni kwa kiwanda kumefagiliwa, wafanyakazi wamevaa glavu mpya. Alkhamisi maji yakaja meusi kama wino, yana povu, na Mudrik akayajaza chupa zake mbele ya sheha wa mtaa. Hakunitazama usoni, nami nikashukuru kwa hilo.

Ndiyo, ni Baba. Nilimuuliza tukiwa ukumbini, na wala hakukana. Kiwanda kilipotaka kuja, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wakipokee, akiwaahidi kuwa vijana watapata kazi. Maji yalipoharibika wenye kiwanda walimwambia wanatengeneza, wanataka muda tu, naye akaona bora awape muda kuliko kusimama msikitini na kusema amewaletea watu sumu. Nikamuuliza mikono ya Mama je. Akainama. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini yeye mwenyewe amekuwa akitawadha msikitini tu.

Aliniomba nilifiche jina lake kwenye kikao cha mtaa alichokiitisha sheha. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kumbe amesikia yote. Alisema neno moja tu: "Mtaje."

Nimemtaja, Dada. Mbele ya sheha, mbele ya watu wa ofisi, mbele ya mtaa mzima, nimesema ni baba yangu, na kwamba Bi Mwanakheir nilimsingizia. Nilipomwendea kumtaka radhi alinyanyuka akaenda zake. Ana haki. Mkubwa wake Mudrik aliulizwa kwa nini wakaguzi wapige hodi kabla ya kukagua. Amesimamishwa, anachunguzwa. Mtaro umezibwa kwa saruji, na kiwanda kimeamriwa kutuletea maji kwa gari mpaka kisima kipimwe upya.

Ungedhani nimepumzika. Kila siku nnakwenda kuishika ile saruji. Maji ya gari nnayanusa kabla sijampa Mama. Baba hasemi nami, na simu yake ikilia nnaacha nnalolifanya. Jana ililia, akatoka nayo uani. Nikajibanza dirishani, mimi, binti yake, nikamsikiliza kama mwizi.

Alikuwa anazungumza nawe. Alikuwa anakwambia kuwa Mama hajambo na maji hayana neno.

Ndiyo maana nimekuandikia. Ukimpigia Baba, piga simu ya video, mtake Mama umuone mikono.

Mpe salamu zangu shemeji, wanangu wabusu wote. Mama anakusalimu na anakuombea dua. Baba hakunituma salamu, lakini najua angekusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Kawthar