Amplifaya Mbili Sebuleni

Jumapili, 10 Agosti 2025

Sebule imegeuka stoo. Mke wangu Wakesho ameniuliza kama nimeoa tena, na kama ni hivyo, kati ya hawa wawili bibi mdogo ni yupi.

Upande wa dirisha: amplifaya ya valvu ya Mzee Titus wa Mwatate, aliyeacha muziki. Nzito kama gunia la mahindi. Umri wake unakaribia wangu. Ukiiwasha haiamki hapo hapo. Lazima zile valvu, vichupa vya glasi vyenye kamoto ndani, zipate joto kwanza. Kama mimi asubuhi.

Upande wa meza: kisanduku cha dijitali, kimekuja jana na treni kutoka Mombasa. Ukubwa wa Biblia ya mimbari. Kina kioo kama cha simu na kinaiga sauti za amplifaya mia mbili. Mia mbili! Mimi nazijua tatu.

Amplifaya yetu ya bendi ilikufa mwezi jana kwenye harambee huko Mwanda, ikatoa moshi katikati ya wimbo. Watu walipiga makofi, wakidhani ni mbwembwe. Sasa tunanunua moja tu kati ya hizi mbili. Tumepewa hadi tarehe ishirini na tatu tuzijaribu. Siku hiyo tunapiga harusi ya Immaculate, binti wa dada yangu Wakio, kule Werugha. Yaani nikiharibu, nimeharibu nyumbani.

Kikao baada ya kanisa kilichukua dakika nne. Maundu, mpiga besi wetu na muuza vipuri, alisema mgongo wake umeshapiga kura: kisanduku. Kimanzi wa ngoma akasema yeye chochote. Ndanu wa kinanda alianza kusema “lakini”. Mwisho Maundu akakata: tumwachie Mghosi Obadiah, yaani mimi mzee wao, miaka thelathini sikio lake halijatukosesha.

Nilijifanya mnyenyekevu. Moyoni nilikuwa jogoo.

Nataka ya valvu. Hata sihitaji kuzijaribu.

Jumatatu, 11 Agosti

Shule imefungwa, kwa hivyo leo mimi si karani. Nimepiga gitaa saa mbili nzima.

Ya valvu — aah! Ukiugusa uzi kwa upole inajibu kwa upole. Ukiukazia, inakoroma kama mtu uliyemwamsha. Kisanduku nacho nakiogopa. Nilibonyeza kapicha fulani, gitaa likalia kama kengele ya parade. Nikakizima, nikakifunika kwa kitambaa.

Wakesho akapita na ndoo. Akauliza hiyo kubwa mbona inalia kama mbu. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo sauti halisi ya muziki, masikio yako yamezoea redio.

“Muziki gani, Baba Wendy? Hujashika hata gitaa. Umekaa tu. Na inalia.”

Utani wake huo. Nimeupenda.

Jumanne, 12 Agosti

Wendy alipiga simu kutoka Mombasa kusalimia. Amplifaya ilikuwa imewashwa, nimeiacha ipate joto. Kabla hata ya shikamoo akauliza: Baba, ni nini hicho kinapiga mluzi?

Mombasa! Mtoto amesikia kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa hatua mbili.

Nikamwambia ni birika.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikulala vizuri jana. Leo Wakesho alipokuwa nje akichambua mchicha, nikatafuta kwenye simu kile kipimo cha masikio. Sauti moja inaanza chini, nene, halafu inapanda polepole na namba zinapanda nayo. Unabonyeza ikipotea.

Ilianza vizuri. Kama besi ya Maundu. Ikapanda. Ikafika elfu mbili, ikafika elfu tatu na kidogo — ikaisha. Nikangoja. Nikadhani bando imekata. Nikaitikisa simu.

Simba akaamka mlangoni, akanitazama vile mbwa hutazama mtu anayemwudhi, akaondoka. Halafu sauti ya Wakesho kutoka nje: “Zima hiyo kitu! Inanichoma kichwa!”

Namba kwenye kioo zilikuwa zimefika elfu nane. Bado zinapanda.

Nikazima. Nikakaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Sasa kila kitu kinanirudia.

Mbu. Mara ya mwisho nilisikia mbu lini? Nimekuwa nikiisifu ile neti mpya mwaka mzima. Nimewaambia hadi majirani wainunue.

Wakesho ameniambia miaka mitatu kwamba simsikii. Nilidhani ni ile lawama ya kawaida ya ndoa. Kila mke husema!

Na Mwanda. Wale akina mama wa mbele walijifunika leso hadi masikioni kila nilipopiga solo. Nilimwambia Maundu, baridi ya Mwanda si mchezo. Akaguna. Sasa naelewa ule mguno.

Halafu Ndanu. Mwaka huu nimemkamata mara tatu akiinama kando ya amplifaya yangu na kupunguza kitufe cha treble, kile cha sauti kali. Kila mara nilikirudisha juu kabisa. Nilidhani ni dharau. Mwalimu wa darasa la nne anifundishe mimi gitaa? Nilikuwa nimepanga kumshtaki kwa Maundu.

Hata sasa ninavyoandika uso unaniwaka.

Sababu naijua. Miaka thelathini Kimanzi amekuwa kushoto kwangu, na yale matoazi yake ya shaba yako sawa na kichwa changu. Lakini sababu si dawa.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nilibeba kisanduku tu. Ile kubwa ingenivua nguo mbele ya watu kwa mluzi wake. Maundu akashangaa: si ulisema ya valvu? Nikasema mgongo. Akafurahi sana, akanikumbatia. Akaniita kijana.

Nikaweka namba zile zile nilizozoea kwenye vitufe: besi nne, treble tisa. Tukaanza wimbo wa bibi harusi. Mimi nilisikia gitaa zuri tu, la mbali kidogo. Kimanzi akakunja uso. Katikati ya wimbo Ndanu akanyoosha mkono, akazungusha kile kitufe kutoka tisa hadi nne. Mbele yangu. Mbele ya wote.

Nikasimamisha bendi. Nikasema — naandika kama nilivyosema ili nisije nikajidanganya baadaye — nikasema: “Kwenye bendi hii sikio ni langu. Wewe shughulika na kinanda na watoto wako wa darasa la nne.”

Ndanu akasema, “Sawa, mzee.” Mzee ya adabu, si ya uchungu, na hiyo ndiyo iliniuma. Akapiga nyimbo zote hadi mwisho bila kuinua macho.

Na mimi nilijua. Huo ndio ubaya wake. Wiki jana ningesema yale kwa ujinga. Leo niliyasema nikijua.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempelekea Ndambuki ile ya valvu. Bodaboda alikataa kuipakia, nikakodi mkokoteni. Ndambuki ni fundi wa redio tangu Voi ina taa nne za barabarani. Nikamweleza shida: inapiga mluzi. Nikasema “inapiga mluzi” kama mtu aliyeusikia.

Akafungua mgongo wa amplifaya, akaiwasha, akaongeza sauti. Akachukua penseli. Akaanza kuzigonga valvu moja moja, taratibu, maana ile mbovu hulia zaidi ukiigonga. Ti. Ti. Ti.

“Umeisikia?”

“Nimeisikia.”

“Ni ipi?”

Nikaonyesha ya tatu. Kwa kujiamini! Kama mwanafunzi anayenakili jibu la jirani aliyekosa.

Ndambuki akaishusha penseli. Akapangusa mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Mzee Obadiah, hiyo ndiyo nzima kuliko zote.”

Nje mtu alikuwa anauza maembe kwa kipaza sauti. Huyo nilimsikia vizuri.

Ndambuki akaichukua tena penseli. Alisema tu kwamba siku hizi zile rangi ndogo kwenye vipuri zinamchanganya, kahawia na nyekundu anaziona ndugu, kwa hivyo anamwuliza yule mama wa kuuza kredo za simu hapo nje. “Mwanzo nilichoma redio mbili za watu kwa kuona haya. Ya tatu nikamwita.”

Valvu mpya itatoka Nairobi, haifiki kabla ya wiki ijayo. Akasema kwa Jumamosi inaweza kuvumilia, mradi treble iwe chini na mtu mwenye masikio akae karibu nayo, mluzi ukianza aipunguze.

Mtu mwenye masikio. Alisema akiitazama penseli.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepiga hesabu zote. Nikichagua ya valvu, anahitajika mtu wa kuisikilizia. Nikichagua kisanduku, anahitajika mtu wa kukipangia sauti, maana mimi nikikipanga watu watajifunika leso. Nilidhani naamua kati ya vitu viwili. Kumbe vyote vinadai kitu kimoja, na sina.

Mtu huyo ni Ndanu. Maundu besi imemjaa kichwani, na Kimanzi ni mshtakiwa.

Nimemwambia Wakesho. Nilianza mbali, nikaongea juu ya umeme wa milimani na unyevu wa Werugha. Akanisubiri nichoke. Halafu nikasema: sisikii za juu. Zimeenda.

Nilitegemea acheke. Alikuja akakaa upande wangu wa kulia — nikagundua siku zote anakaa kulia! — akasema amejua miaka yote hiyo mitatu. “Nilikuwa nakwambia. Wewe ulikuwa unanijibu kitu kingine.” Ameshauliza hospitali, kuna daktari wa masikio anakuja Jumanne. Nimekubali. Nimekubali haraka mno, hadi akanitilia shaka.

Lakini Jumanne iko baada ya Jumamosi. Na bendi wakijua? Nani anamweka kiziwi kwenye gitaa la kwanza? Ukiniondolea sikio mimi ni karani wa shule mwenye shati la maua.

Ijumaa, 22 Agosti

Maundu amepiga simu mara mbili. Nimeamua? Nikasema bado nasikiliza.

Nasikiliza!

Pakia zote mbili, nimemwambia. Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Jumamosi, 23 Agosti. Werugha

Ukungu mzito. Kutoka hapa nilipo sioni hata bomba la tenti la upande wa pili. Dada yangu Wakio amenipa koti la marehemu shemeji juu ya shati la bendi. Nanuka maziwa na kabati.

Maharusi bado wako kanisani. Chakula kiko tayari, wageni wa Voi wanatetemeka, wa hapa wanawacheka. Umeme umekatika mara mbili, sasa ni jenereta. Maundu na Kimanzi wameishusha ile kubwa kutoka kwenye pickup wakiguna, wakaniambia kwa heshima zote kwamba nisipoitumia watanizika nayo. Kisanduku kiko juu yake, kimefunikwa na nailoni. Kama mtoto mgongoni.

Naandika nimekaa kwenye kreti ya soda nyuma ya jukwaa. Nimesema naandika orodha ya nyimbo.

Kinanda kimechomekwa, besi imechomekwa, maiki zimejaribiwa. Nimebaki mimi. Wimbo wa kuingia bibi harusi unaanza na gitaa peke yake. Mistari minane, hakuna pa kujificha.

Ile njia rahisi bado ninayo. Kisanduku, treble nne kama alivyoweka yeye Jumapili, nyamaza, cheka, nenda nyumbani. Huenda nne ingefaa. Lakini nne ya ukumbi wa kanisa si nne ya tenti kwenye ukungu, hilo nalijua bila masikio. Na akija tena kuinama, nimfukuze tena?

Vifijo huko chini. Wametoka kanisani.

Ndanu amekuja. Hajanisemesha tangu Jumapili ila salamu. Ana ncha ya waya wa gitaa langu mkononi, amesimama kati ya hizo mbili, anaangalia kando. “Mzee, wanapanda. Nichomeke wapi?”

Nimemwambia aje huku, upande wa kulia.

Nimemwambia: Mwalimu, Jumapili nilikukosea, na nilijua ninakukosea. Nimemwambia kuhusu simu, na elfu tatu, na mbwa. Nimeongea upesi, sijui kama kwa mpangilio. Halafu nikamwuliza: wewe ukizisikia hizi mbili, unasikia nini?

Ameutazama ule waya. Vigelegele vimefika kwenye kona ya shamba la kabichi, hivyo hata mimi nimevisikia. Maundu anapunga mikono kama askari wa trafiki.

Ndanu amevuta kreti ya pili, ameketi kulia kwangu. Anangoja nimalize kuandika ndipo anijibu.