Vigawe vya Sita

Jumanne, 17 Juni

Profesa — ndivyo tunavyomwita binti yetu, yuko darasa la tano — kaniletea hesabu. Vigawe. Rahisi, Mama, unaruka tu: tano, kumi, kumi na tano... Namba inayotokea kwenye misururu yote miwili ndiyo kigawe cha shirika. Akachukua mfano wa hapa nyumbani! Mimi muuguzi, napumzika kila siku ya tano. Baba yake yuko mitambo ya maji, hupumzika kila siku ya kumi na mbili. Mara ya mwisho tulipumzika wote Jumapili, tarehe mosi. Akaruka tano zake, akaruka kumi na mbili zake. Wapi! Hamsini na tano, sitini — hapo zikakutana.

"Yaani mpaka tarehe 31 Julai?" Akahesabu tena, kama vile namba ingemhurumia.

Zamani baba yake alipumzika kila siku ya sita. Tulikutana kila baada ya siku thelathini. Miaka mitatu iliyopita akasema watu wamepunguzwa kazini. Tukavumilia.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi mume wangu kaondoka na sare na chakula chake cha mchana, kama kawaida. Saa nne, wodi ya wazazi, kaingia mwenzake wa zamu ileile, yule mrefu tunayemwita Mlingoti. Mkewe kajifungua salama. Nikamtania: umetoroka kazini? Hapana, shemeji, kasema, bahati tu, leo zamu yetu nzima tuko mapumziko.

Nikamuuliza, si wamepunguza watu? Nani kapunguzwa! Kila siku ya sita, toka aajiriwe, haijabadilika hata mara moja. Kisha akaniona uso. Akaanza kuitengeneza shuka ya mkewe, shuka ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Nilimpima mtoto wake uzito. Kilo tatu na gramu mia mbili. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jioni mume wangu karudi. Kachoka, kasema. Pampu imewasumbua kutwa. Nikampakulia.

Jumamosi, 21 Juni

Mapumziko yangu. Yeye kazini — kweli kazini, leo. Nimechukua daftari la Profesa.

Vigawe vya sita: 6, 12, 18, 24, 30, 36. Vya kumi na mbili vyote vimo humo humo! Ndiyo maana uongo wake haukuwahi kujikwaa. Kila siku aliyokaa na sisi ilikuwa mapumziko ya kweli. Ila katika kila mbili, moja yetu, moja ya kwingine. Kagawa sawa kwa sawa, mtu wa haki!

Nikarudi nyuma kwenye kalenda. Siku sita kabla ya tarehe mosi ni 26 Mei. Siku ile Profesa alilazwa, homa imempanda hadi anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilimpigia baba yake mara nne. Akasema mitambo haiachwi, mke wangu, piga moyo konde.

Nililifunga daftari. Nikalia kwenye kanga, majirani wasisikie.

Jumatano, 25 Juni

Siku yetu sisi. Nimetoka kazini nikamkuta amerekebisha bawaba ya mlango, Profesa kakaa juu ya mabega yake, wanacheka. Nampenda bado. Hilo ndilo linaloniua.

Jumanne, 1 Julai

Siku ya thelathini. Mimi mapumziko. Profesa kaenda shule. Baba yake kavaa sare, kakaa kitandani, kainama kufunga viatu.

Nikamwambia: leo sote wawili tuko nyumbani, mimi na wewe. Tano mara sita.

Hakuuliza nina maana gani. Mkono ulibaki kwenye kamba ya kiatu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu — akatae, afoke, aape. Nikamuuliza: ni nani?

Akasema, polepole, bila kuinua kichwa:

"Ana miaka mitatu."

Nimekuja jikoni. Naandika nimesimama. Yuko palepale kitandani, kiatu kimoja mguuni. Simu yake inaita, inakata, inaita tena. Hapokei. Huko kuna mtu mdogo amekaa mlangoni anamngoja — na mimi, Mungu wangu, nataka kumwambia aende.