Shuka la Mgeni

Mama yangu uliyelala kaburini Mwankoko,

Shikamoo. Mji wetu umekua, nami nimekuwa bibi, lakini nikifumba macho nauona ule wa zamani za Mwingereza: maduka machache ya Wahindi, mawe makubwa kila uendako, upepo usiojua kunyamaza, na ile nyumba ya wageni yenye baraza ndefu kando ya Ziwa Singida. Wazungu walishuka garimoshi Itigi, wakaja kwa lori wamejaa vumbi, wakakaa barazani kutwa kuwatazama heroe. Uliwacheka sana. "Mtu mzima na akili zake, kasafiri kote huko kuja kutazama ndege!"

Sisi tulikula kwa mashuka yao. Baba alikuwa dobi pale. Alipofariki, nyapara alikuachia kazi shingo upande, maana hakuwahi kuona dobi mwanamke. Ulipiga pasi ya mkaa mpaka shuka likateleza mkononi. Nilijivunia wewe, mama, ingawa sikukuambia.

Kazi yangu ilikuwa maji. Ziwa lilikuwa hatua chache tu, ila lina chumvi. Ya kufulia yalitoka kisimani Utemini, debe kichwani. Siku moja ulikuwa umeshafua, ukanituma maji ya kusuuzia. Njiani nikawakuta wenzangu wanacheza kombolela. Nilicheza hadi jua likaanza kushuka, kisha nikalijaza debe ziwani. Nilidhani kusuuza mara moja tu hakutaleta neno.

Mashuka yalikauka magumu kama ngozi ya ng'ombe. Kesho yake mgeni aliamka anajikuna, nyapara akaja anafoka. Uliramba pindo la shuka, ukanitazama pale mlangoni niliposimama.

"Maji nilichota mwenyewe ziwani, bwana," ukasema. "Kisimani niliona ni mbali."

Ulifukuzwa siku hiyohiyo. Tukarudi kulima mtama, na watu wakakuita dobi mvivu. Hukuniuliza lolote, hata ulipokuwa unaugua. Mara ngapi nilifungua kinywa niungame, nikaishia kukuuliza kama unataka uji! Nakuonea hasira kidogo, mama. Ungenichapa, ningelia, yangekwisha.

Wanangu nao walikujua hivyo, bibi aliyefukuzwa kwa uvivu, nami niliwaacha waamini hivyo. Jumapili iliyopita niliwaketisha nikawaambia kweli yote. Mdogo ndiye aliyeuliza, "Kumbe bibi alisema uongo?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Ili mama yako asichapwe."

Nisamehe.

Mwanao wa pekee