Ilunga Amechukua Kikohozi Chako

Baba Ilunga,

Mutoto wako anakohoa. Nakuandikia hiyo kwanza, juu sijaweza kuitamka mbele ya mutu yeyote hapa kambini Mantapala. Anakohoa asubuhi, ameinama, mukono mumoja umeshika ukuta, sawasawa na wewe. Siku ya kwanza nilipomusikia nikiwa jikoni, nilitaka kuita jina lako. Kisha nikakumbuka tulikuzika.

Mengi yamebadilika tangu uende. Mihogo imekamata vizuri. Binti yetu Kabibi ameolewa Mwansabombwe, anaongea Kibemba kutushinda sisi wote. Ilunga njo ameshika kazi yako, anavusha samaki toka ng'ambo ya ziwa Mweru mpaka Nchelenge. Pamoja na boti yako akachukua na fwaka yako, ile tumbako ya kusokota kwenye karatasi. Sigara pia, akipata.

Unakumbuka walivyokuwa wanakuambia kliniki? "Papa, acha kuvuta." Basi. Wanakupa dawa ya kikohozi, unatoka, unawasha ingine nyuma ya ukuta wao. Ulikuwa unacheka: "Wameniambia niache, hawajaniambia namna gani." Na mimi nilikuwa ninacheka.

Ilunga nilimupeleka mwenyewe, mwanaume wa ndevu, nimemushika mukono kama mutoto. Tukakuta nesi mumoja, Ba Mwape, "Ba" ni heshima ya Kibemba, mwanamuke wa Nchelenge. Kiswahili chake amekiokota sokoni kwa wafanyabiashara wetu. Akachukua makohozi wapime kifua kikuu. Kisha akamuuliza kitu ambacho wewe hukuulizwa hata siku moja: "Sigara inakusaidia nini?"

Ilunga akageuza uso. Nilidhani amekasirika. Halafu akasema: "Nikiwa kwenye maji bila kuvuta, nasikia ile siku tulikimbia vita. Nasikia masasi, zile risasi."

Sikujua, Baba Ilunga. Siku ile tunavuka kuja Kenani, kambi yetu ya kwanza, alikuwa ameweka kichwa kwenye mapaja yangu, macho amefunga. Mimi nilishukuru kwamba amelala.

Ba Mwape hakumuhubiria. Akamuambia: "Dawa za kusaidia kuacha hapa hatuna, sikudanganyi. Lakini tutapanga." Wakachagua pamoja siku ya kuacha. Awaombe wenzake wa boti wasimupe hata kipande. Mimi nitoe fwaka yote nyumbani. Hamu ikija atafune karanga, anywe maji, angoje, juu hamu inakuja na inapita. Na juu ya hayo masasi, akamutafutia mutu wa kuongea naye hapa kambini.

Akaacha kweli. Nyumba ikaacha kunuka moshi, nikaanza kusikia harufu ya mihogo ikiiva.

Kisha upepo wa Mweru ukazamisha boti ya rafiki yake Musonda. Mwili hatukuuona. Ilunga akarudia fwaka siku ileile, akaanza kuikwepa kliniki kwa haya. Ba Mwape akapiga simu, mimi nimekaa karibu, nasikia: "Sikupigii nikugombeze. Wengi wanaanguka. Niambie ilianzia wapi, tuanze tena." Akalia, mutoto wako. Wakaanza tena.

Sasa havuti. Lakini kikohozi hakikuondoka. Majibu ya makohozi yalisema hana kifua kikuu. Nikamushukuru Mungu kwa sauti, halafu nikaona Ba Mwape hakufurahi pamoja na mimi, kikohozi bado kilimutia wasiwasi. Alimutuma akapigwe picha ya kifua. Jana, nikitandika, nimekuta kitambaa amekificha chini ya godoro. Kina damu. Rangi naijua, ni ile ya vitambaa vyako. Na mabega yake yameanza kukonda, shati inaning'inia.

Picha wanatusomea kesho.

Ba Mwape ameniambia: "Ba mayo, mama yangu, picha iseme chochote, kuacha kwake kutamusaidia." Nimeishika hiyo kwa mikono miwili. Kesho nitaingia naye ndani, nitaketi karibu yake, nitauliza mpaka wanieleze kwa maneno ninayoyaelewa.

Pumzika, bwana wangu. Nakuahidi sitamuacha peke yake na hamu ile, wala na masasi yale, wala na hiyo picha. Mimi huku nitamushika na nguvu zangu zote. Na wewe nakuomba kitu kimoja tu. Najua ulimupenda, najua ulikuwa hauli mpaka aketi mbele yako. Vumilia huko uliko.

Usimuite.

Mama Ilunga