Kaka Daudi, Jeshi Limenirudisha Nyumbani

Kaka Daudi,

Wamenirudisha. Usicheke. Kwenye mbio nilikuwa wa kwanza, vijana wa tambarare niliwaacha wakihema huko nyuma. Kilichonishinda ni kulala chali kitandani bila kufanya lolote.

Unajua sisi wa Magamba, huku milimani, tunavyompima mtu. Akipandisha gunia la viazi kutoka bondeni hadi barabarani bila kupumzika, huyo ni mzima. Wewe ulipandisha lako, kisha ukarudi kumpokea Baba la kwake. Ndiyo maana ulipoanguka kambini kwenye mchakamchaka wa asubuhi, mwaka wako wa pili wa uaskari, hapa nyumbani hakuna aliyekubali kwamba ni moyo. Mama alisema ni wivu wa watu. Na zile mara ulizozimia shambani ukiwa mdogo, tuliita baridi. Ulipewa chai ya tangawizi ukarudi kwenye jembe.

Basi nami nikaenda kujiandikisha. Kwenye foleni ya vipimo wenzangu wakaninong'oneza, "Ukiulizwa mambo ya ukoo, sema hakuna. Ukisema yapo, umejimaliza." Nikaingia nimejiandaa. Daktari, mama mtu mzima, akaniuliza bila kuniangalia kama nyumbani kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Kaka, lile "hakuna" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kulisema ilikuwa sawa na kusema hukuwahi kuwepo. Nilishindwa. Nikasema, "Yupo. Kaka yangu Daudi. Alikuwa askari."

Akaweka kalamu chini. "Pole, mwanangu. Vua shati." Wakanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikachora mapigo yangu kwenye karatasi. Aliitazama, akaitazama tena, akanipeleka kwa bingwa wa moyo. Huyo akanieleza taratibu kwamba umeme wa moyo wangu una hitilafu. Mtu huzaliwa nayo, akakua na nguvu zake zote bila kujua, na huenda ndiyo iliyokuchukua wewe. Jeshi basi. Mbio basi. Dawa kila siku.

Nilikasirika mno. Hata wewe nilikukasirikia. Nilikuwa nimeshajiona ndani ya gwanda. Sasa napalilia karoti polepole kama bibi harusi, na Rehema, mdogo wetu, ananicheka. Yeye naye tumempima, yuko salama. Mama alilia, lakini safari hii hakuutaja wivu wa watu.

Hasira imeisha, kaka. Limebaki moja tu: wewe nawe ungelazwa hivyo hivyo na nyaya zako, leo tungekuwa tunabishana hapa barazani. Hilo linaniuma kuliko gwanda.

Pumzika. Mwakani, Mungu akipenda, nitaupita umri uliofia. Nakuahidi nitameza dawa zangu, nitaoa, nitazeeka, nizeeke kwa ajili yetu sote wawili. Na siku nitakayokuja huko na mvi zangu, nikakukuta bado kijana, usihangaike kuniamkia. Nitakuwahi mimi: shikamoo, kaka.

Mdogo wako,
Yona