Mgeni wa Jumanne

Mama,

Jumanne bado inakuja. Ukungu ukiwa haujaondoka juu ya matuta ya maharage, nasikia Landrova ya hospitali ikipanda kutoka Sumbawanga, nami naamka kuwasha moto. Maji yakichemka ndipo nakumbuka kwamba hakuna wa kuoga. Nakaa nayo hivyo hivyo, mvuke ukinipanda usoni, na wewe uko nyuma yangu unaniambia, "Fanya haraka, mgeni asinikute kitandani."

Ndivyo ulivyokuwa, mama yangu mwenye makuu. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, pumzi unaitafuta. Lakini nesi Tusekile akija, lazima akukute mlangoni umekaa kwenye kigoda, umepakwa mafuta, khanga mpya begani. Akikusalimu shikamoo, unaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka kulima shamba la kijiji. Akikuuliza hali, unasema, "Sijambo, mwanangu. Kwenu Mbeya hawajambo?" Kisha unaagiza aletewe uji wa ulezi. Akiondoka tu, nakubeba kukurudisha ndani.

Naye akaamini. Siku moja akasema, kwa furaha kabisa, kwamba umepata nafuu, kwa hiyo gari litaanza kwenda kwa wagonjwa wengine na wewe utakuwa unajiendea mwenyewe hospitali mjini. Wewe, ambaye hata jikoni hufiki! Ulitabasamu, ukamshukuru. Mimi nilimfuata hadi kwenye gari nikamweleza yote. Nilijua utaninunia, na kweli ulininunia.

Jumanne iliyofuata alifika mapema, sijakuandaa, akapita moja kwa moja hadi chumbani. Ulitaka kuinuka. Akakushika bega taratibu.

"Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuja mara ngapi hapa?"

Akachukua ufagio akafagia chumba chako, sindano zikichemka jikoni kwenye ile sufuria yetu ndogo. Ulimtazama muda mrefu. Halafu ukaweka mkono kifuani ukasema, kama mtu anayeongea usingizini, "Hapa ndipo panaponiuma." Maishani mwangu sikuwahi kukusikia ukisema hivyo, mama. Nilikwenda kulia jikoni.

Tangu hapo ulimpokea umelala. Akishakuchoma sindano mnazungumza, wewe ukichanganya Kifipa, yeye akiitikia hata asichoelewa, na dirisha likiingiza harufu ya majani mabichi. Ukafariki nyumbani kwako, mkono wako ndani ya wangu, bila kumwomba mtu radhi kwa kulala.

Jana alipita, ingawa hana mgonjwa tena katika nyumba hii. Nilimwekea kigoda. Akaniuliza, "Hujambo, dada?" Nikaitika, "Sijambo," kama ulivyonilea, nikaenda kumletea uji. Niliporudi nilimkuta ameshashika ufagio.

Basi niliketi chini, mama, nikaweka mkono kifuani, nikamwonyesha.

Sasa lala, usiinuke. Wageni nitawapokea mimi, na kigoda chako nitakipangusa kila asubuhi. Heshima uliyonifundisha naishika. Ila nakuahidi, atakayeniuliza hali huku anafagia, huyo sitamwambia sijambo.

Mwanao,
Skolastika